Tenga la Nakiete

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo pakawa yenu ni ya watu wenye njaa. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimesikia watu. Sogeeni huku, moshi usiwaingie machoni.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakisalimiana na watu njiani, palikuwa na kijiji chini ya milima, jina lake Kivuleni. Jina tu lilikuwa Kivuleni, kivuli chenyewe kilikuwa haba. Mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa. Mahindi yakajikunja, mbuzi wakalamba mawe, akina mama wakachota matope badala ya maji.

Maji yalikuwapo, lakini yalikuwa juu. Juu kabisa mlimani waliishi wenye chemchemi. Kila mwaka, siku moja tu, watu hao walikaa baraza wakagawa maji, na kila kijiji kilichoyataka kilipeleka wajumbe wawili. Nao walikuwa na desturi yao: aliyechelewa hakungojwa, na aliyekuja mchafu hakusikilizwa.

"Hata kama ana kiu, bibi?"

Hata kama ana kiu, Kisaka. Ngoja nifike.

Watu wa Kivuleni wakamchagua Nakiete na kaka yake, Mbazi. Nakiete alikuwa binti wa kupendeza, na mwenyewe alijua. Nywele zake zilisukwa, ngozi yake iling'aa, nguo yake haikuwa na doa. Hakumdharau mtu, ila alisema kwamba mgeni akimwona yeye ameiona Kivuleni nzima. Mbazi alikuwa mtembeaji hodari, lakini kwake yeye nguo ilikuwa ya kuzuia miiba tu.

Siku ya safari Nakiete akajaza tenga. Akatia doti za kanga, doti juu ya doti. Akatia vikuku vya shaba, akatia shanga, akatia kioo, akatia chanuo, akatia chungu cha mafuta ya nyonyo na kibuyu kidogo. Juu yake akafunga kigoda cha kukalia barazani. Mbazi akachukua fimbo na kibuyu cha maji, basi. Akamtazama dada yake, akauliza kama anahama. Nakiete akamjibu kwamba anakwenda kuombea maji watoto wa watu, wala hatakwenda kama mtu aliyefukuzwa kwao.

Wakaondoka wakiimba:

*Twaenda kwa wenye maji,*
*twaenda tumependeza,*
*wakiuliza wa wapi,*
*ni wana wa Kivuleni.*

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Jua likawaka. Tenga likamvuta Nakiete shingo, mguu wa kigoda ukamchoma mgongoni. Pale njiani akasimama kanga, yule ndege, amevaa madoadoa yake safi kabisa.

Kanga akauliza, "Dada, umevaa nguo ngapi?"

"Moja."

"Na hizo nyingine amezivaa nani?"

"Ziko ndani ya tenga."

"Basi tenga limependeza, na wewe umelowa jasho," kanga akasema, akajiendea zake.

"Alimtukana!"

Hakumtukana, Namsi. Alimwambia alichokiona. Lakini Nakiete alikasirika, akapanda kwa hasira hadi akaanguka na tenga lake. Mbazi akataka kumbebea. Nakiete akakataa, maana mzigo aliufunga mwenyewe. Akakaa chini akafikiri. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya mama mfinyanzi, naye alikuwa mtu mwema. Nakiete akamwomba amhifadhie kigoda, kioo na vikuku vya shaba. Vikuku vilimuuma kuviacha. Alivitoa kimoja kimoja, na kila kimoja alikifuta kwanza.

Wakapanda, wakapanda, wakapanda. Tenga lilikuwa jepesi kidogo, kidogo tu. Wakafika penye dimbwi, wakamkuta ngiri amelala matopeni, mkia juu.

Ngiri akawauliza mzigo wa nini. Akasema yeye hana nguo, hana chanuo, hana mafuta, na amenona. Mbazi akacheka sana, akasema huyu ndiye mtu mwenye akili. Akamgeukia dada yake. "Mdogo wangu, tutachelewa. Wale wazee watakusikiliza maneno, hawatasikiliza kanga zako. Liache hilo tenga hapa."

Nakiete alikuwa amechoka, shingo inawaka moto. Akalitua tenga lote chini ya mti. Akatoka hapo mikono mitupu, akitembea kama mtoto anayetoka shamba. Raha iliyoje! Wakapanda, wakapanda, na mara hii alikuwa mbele ya Mbazi.

"Na nguo zake je?"

Ndiyo hayo. Mbele kidogo wakapishana na wanawake wa mlimani waliotoka kukata majani. Walikuwa wamebeba majani vichwani, lakini walivyojifunga nguo zao, ungedhani wanakwenda harusini. Wakawasalimu vizuri, kisha wakaitazama nguo ya Nakiete iliyojaa vumbi na jasho, wakanyamaza. Hawakumcheka. Kunyamaza kwao ndiko kulikomwingia. Akaiona Kivuleni nzima imesimama pale njiani, chafu.

Akasimama. "Kaka, mimi narudi."

Mbazi akasema jua linakwenda, akasema njia ni ndefu. Nakiete akamwambia amngoje hapo hapo, kisha akashuka mbio. Alipolifikia tenga hakulibeba. Alilifungua akachagua. Alishika kila kitu mkononi, akajiuliza kama anaweza kukimbia mlimani nacho. Akatwaa doti moja tu, ile ya rangi ya damu ya mzee yenye pindo jeusi. Akatwaa chanuo. Akamimina mafuta kidogo ndani ya kile kibuyu kidogo cha kuenea kiganjani. Akachukua uzi mmoja wa shanga. Vyote akavifunga kifurushi, akakitupa mgongoni. Vilivyobaki akavipandisha juu ya mti. Ngiri akamwambia anajisumbua bure. Nakiete akamjibu kwa adabu kwamba kila mtu na baraza lake, akapanda mbio.

Alipomfikia kaka yake hawakugombana. Wakapanda, wakapanda, wakaingia msituni, kwenye baridi na ukungu. Juu ya mti aliketi mbega, manyoya meusi, manyoya meupe, yanamwagika mabegani kama joho la sultani.

Nakiete akasimama akamtazama kwa heshima. Akamuuliza ana majoho mangapi.

"Moja," mbega akasema. "Nalala nalo, naruka nalo. Nikifika mahali nakaa nalichana. Wewe lako liko wapi?"

Nakiete akamwonyesha kifurushi. Mbega akatazama mawingu, akamwambia akate jani la mgomba alifungie, kwa maana mvua ya huku haibishi hodi. Nakiete akakata, akafunga kifurushi kwa jani, akalikaza kwa kamba ya mgomba.

Haikupita muda, mvua hiyo! Njia ikawa utelezi mtupu. Nakiete akateleza, akaanguka. Mbazi akamshika mkono, wakaporomoka wote wawili. Walipoinuka, nguo ya Mbazi ilikuwa imechanika begani hadi kiunoni, na matope yamewajaa kuanzia unyweleni hadi unyayoni.

Ndivyo walivyofika kwenye lango la wenye chemchemi. Baraza lilikuwa halijafungwa. Lakini mlinzi wa lango alimtazama Mbazi juu hadi chini, akasema hawezi kupita vile, naye, tofauti na dada yake, hakuwa na nguo ya kubadili. Nao walitakiwa wawili. Mmoja akikosa, kijiji kimekosa.

Mbazi, mtu wa kucheka, hakucheka. Akakaa juu ya jiwe akainamisha kichwa. "Nimeikosesha Kivuleni maji," akasema taratibu.

Nakiete hakumwambia, "Nilikwambia." Alimvuta hadi kwenye kijito kando ya lango, wakaoga kwa maji yale ya baridi hadi meno yakagongana. Kisha akafungua jani la mgomba. Ndani, kanga zilikuwa kavu kama zimetoka juani. Mnajua doti ni vipande viwili vilivyoungana. Nakiete akaukata uzi wa pindo kwa meno, akachana doti katikati. Kimoja akajifunga mwenyewe. Kingine akamfunga kaka yake lubega, fundo begani, pindo likaanguka sawasawa. Mafuta yale kidogo yaliwatosha wote. Akamchana nywele kaka yake, akavaa uzi wake wa shanga.

Mlinzi akafungua lango bila kuulizwa.

Waliingia barazani wakiimba wimbo wao, dada na kaka, nguo moja, wamenyooka kama mikuki. Mkubwa wa baraza, mzee Semvua, akawauliza mizigo yao iko wapi, maana wajumbe wengine walikuja na wapagazi.

Nakiete akasema, "Mzigo wetu tumeuvaa, baba. Tuliyobaki nayo ni maneno."

Akayasema. Alisema habari za mahindi, za mbuzi, za matope kisimani. Aliyasema akiwa amesimama, kwa kuwa kigoda hakuwa nacho, na kwa kusimama sauti yake ilifika hadi nyuma.

Wazee wakanong'onezana. Kisha Semvua akatamka kwamba anayejitunza mvuani atautunza mfereji, na anayejua kuchagua cha kubeba atajua kugawa. Kivuleni wakapewa maji, mfereji wao ukafunguliwa.

Wakashuka, na maji yakishuka kando yao. Walipita kwenye tenga, walipita kwa mama mfinyanzi, wakachukua kila kilicho chao, na Mbazi ndiye aliyebeba kigoda. Walipokaribia nyumbani maji yaliwatangulia mbio, watu wakatoka na mitungi. Mama yao alipowaona katika kanga ile moja, alitembea mbele yao kijiji kizima, kidevu juu.

Wajukuu zangu, kupenda kupendeza si aibu. Ukisafiri, pendeza, maana watu watawaona wa kwenu kupitia wewe. Lakini chukua kile unachoweza kupanda nacho mlima, na hicho ulichokichukua ukitunze.

Hadithi yangu imetua hapo. Aliye karibu na chungu, afunikue.