Kwa Nini Miti ya Nyika Husimama Mbalimbali

Nasema nyika, si msitu wala mbuga. Msituni miti hufungamana. Mbugani ni majani matupu. Nyikani miti ipo, lakini kila mmoja umesimama peke yake, na kati yake ni ardhi kavu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo.

Wakati huo nchi yote ile ilikuwa msitu. Mivule, mikwaju na migunga iligusana matawi, na chini yake zilitiririka chemchemi tatu. Alikuwako mwanamke jina lake Mbeyu, ambaye miti ilimtii. Hakuna ajuaye nani alimpa uwezo huo. Aliutumia kwa nadra, kufungua njia maiti ipite kwenda kuzikwa.

Siku moja bintiye Mnyazi, mtoto wa miaka sita, alikwenda kuokota kuni, asirudi. Mbeyu aliita mpaka sauti ikakwaruza. Ndipo akaiamuru miti, "Sogeeni, nione." Kila mti ukarudi nyuma hatua moja. Hakumwona. Akaiamuru tena, na tena.

Siku ya pili mwanga wa jua ulikuwa umepenya hadi ardhini, na chemchemi ya kwanza ilikuwa tope. Kaka yake, Ndurya, alimfuata.

"Mbeyu, inatosha. Tutakunywa nini?"

"Wewe una watoto saba, kaka. Mimi ninaye huyu mmoja."

"Hao saba nao wanasikia kiu."

"Basi nenda ukawatekee, maji yangalipo." Akaigeukia miti. "Sogeeni."

Siku ya nne nchi ilionekana wazi pande zote, na Mnyazi akaonekana. Alikuwa kwenye chemchemi ya tatu, ile ya mbali. Watoto wa huko walifundishwa kwamba mtu akipotea akae penye maji, watu watamfuata. Naye alikuwa amekaa. Chemchemi ilikuwa imekauka. Kinywani mwake mlikuwa na udongo aliokuwa akiufyonza, na mwili ulikuwa haujapoa.

Ndurya alimsihi dada yake airudishe miti. Mbeyu aliitazama, wala hakusema neno, siku hiyo wala siku nyingine yoyote, mpaka akafa.

Tangu hapo miti ya nyika imebaki pale ilipoachwa, nayo hukaa bila majani sehemu kubwa ya mwaka. Na wazazi wa huko hawawaambii tena watoto wakae penye maji. Huwaambia, ukipotea, tembea.