Panya Buku na Mafungu ya Kiboko

Sogeeni, wajukuu. Karanga hizo ziwekeni chini kwanza, na mwenye neno alilalie. Nikisema, "Ngano yaja," semeni, "Ije polepole."

Ngano yaja.

Ije polepole.

Ilikuja na ukungu, ikakuta mto unasinzia. Upande wa huku udongo mweusi, upande wa kule udongo mweusi. Mvua ya huku ndiyo ya kule. Lakini kule moshi wa vyungu ulipanda tangu asubuhi, na huku wanyama walilamba miiko mikavu.

Huku alikaa Kiboko. Wanyama walichimba mfereji wa kujaza dimbwi lake, Kiboko akalala. Wanyama walilima, Kiboko akalala. Wanyama walivuna, Kiboko akaamka. Pwaa! Akatoka majini, akala mpaka mabua. Mwishowe kila mmoja akawa anapanda kiganja kimoja tu. Apande zaidi, ampandie nani?

Panya Buku alibakiwa na kibuyu kimoja cha mtama wa mbegu. Kikiliwa hicho, wanawe hawauoni mwaka mwingine. Mchana alisinzia akikikumbatia, akaota ugali unaelea mtoni, mweupe, unamjia polepole. Alipofumbua macho, aliyemjia ni Kiboko.

"Leta kibuyu."

"Chako, babu. Ila ng'ambo kwa shangazi yangu, mkubwa hapokonyi. Mkubwa hugawa."

"Hugawa?"

"Hugawa mavuno mafungu mawili, lake na la wengine, wote wamekaa kimya wanamtazama. Lakini ni kazi ya heshima nzito. Labda tumpe Tembo."

"Tembo ana nini? Nitagawa mimi."

"Basi niachie mbegu, pawe na cha kugawa. Na uape kama wanavyoapa kule: mgawaji huchagua mwisho, kama mwenyeji anavyotanguliza wageni."

Kiboko akajipaka tope kwenye paji la uso, akaapa mbele ya wote.

Mavuno yakafika. Kiboko akafanya mafungu mawili, moja kama kilima, moja kama kofia.

"Chagueni," akasema, kinywa kishafunguka.

"Kilima," akasema Panya Buku.

Kiboko akafura, fuu, fuu. "Nitawakanyaga nyote."

"Tukanyage, babu. Mfereji atachimba nani? Na jua hili linavyopasua ngozi."

Kiboko akatazama dimbwi lake. Bwi, bwi, likanong'ona. Akachukua kofia.

Mwaka wa pili alipima punje kwa punje, ulimi nje. Wanyama nao walipanda mpaka ukingoni mwa mto, maana kila mmoja alijua kitabaki nini. Nusu ya Kiboko ikamshinda kumaliza. Moshi wa huku ukapanda, ukakutana na wa kule juu ya maji, ikawa hujui upi ni upi.

Funzo, wajukuu: mkubwa akitaka kitu mpeni, na mambo ya ng'ambo msiyaulize. Panya Buku hakufunzwa na mama yake, masikini.

Ngano yangu imefika kwake, imevua viatu. Wana wa Kiboko walirithi dimbwi. Wana wa Panya Buku walirithi mashavu mapana ya kubebea mbegu. Kibuyu nilikirithi mimi. Haya, leteni karanga hizo. Nagawa mimi, na nachagua wa kwanza.