Kwa Nini Kasa Hapigi Hodi

Kaeni nyuma ya kamba, wageni wangu, na wewe bwana mwenye kofia sogea kidogo, umesimama kwenye njia yao. Mchanga umeshaanza kubonyea hapo katikati. Hiyo ni dalili kwamba watoto wa kasa wamo chini, wanapanda. Watatoka watakapotaka wenyewe, kazi yetu ni kungoja. Huyu dada ameniuliza mama yao yuko wapi. Kila mgeni huuliza hivyo, na wengine huuliza kwa sauti ya kulaumu. Basi nitawaeleza kama alivyonieleza bibi yangu, kisha mtajua wa kumlaumu, kama yupo.

Zama hizo, ambazo hata bibi wa bibi yangu alizisikia tu, Kasa hakuwa akiishi baharini. Alikuwa na nyumba pwani hii hii, nyumba ya mchanga yenye chumba na mlango, akilea watoto wake kama tunavyolea sisi. Baharini kulikuwa kwao, alikozaliwa, na alikwenda huko kwa arusi na misiba. Mayai yakipasuka, watoto hawakutolewa nje mpaka siku zao zitimie, kama wachanga wetu. Mama alikaa nao ndani akiwafundisha adabu, na majirani wakimletea chakula mlangoni.

Jirani wa karibu kuliko wote alikuwa Kaa. Walikuwa mashoga hasa, wa kuazimana chumvi na kusukana nywele, ingawa hakuna aliyekuwa na nywele. Siwaambii kwamba Kaa alikuwa mbaya. Alipenda ngoma, hilo tu.

Siku moja, watoto wakiwa wametoka mayaini lakini bado wamo ndani, ikaja habari kuwa mama yake Kasa amefariki. Msiba wa mama hauna udhuru. Watoto nao wasingeweza kubebwa, siku zao zilikuwa hazijatimia. Kasa akamwita Kaa.

“Shoga yangu, nakuachia hawa. Ni amana.”

“Nenda kamzike mama, shoga. Wako ni wangu.”

Kasa akawageukia watoto. Akawaambia wamtii mama yao mdogo, na akawakumbusha jambo ambalo kila mtoto wa pwani hulijua kabla hajajua kula mwenyewe: hodi ikipigwa, mtoto haitikii. Huitikia mkubwa aliyemo ndani. Kisha akajifunga kanga ya msiba, akaenda.

Kaa aliwatunza vizuri siku nyingi, na hilo pia lisemwe. Lakini alasiri moja upepo ukaleta ngoma ya arusi kutoka upande wa pili wa ghuba, na miguu ya Kaa, mnajua ilivyo mingi, ikaanza kucheza yenyewe. Akasema anakwenda kuchungulia tu. Hakurudishia mlango. Mwewe aliyekuwa akizunguka juu akaingia, akanyakua mtoto mmoja, akaondoka naye. Kaa aliporudi aliwakuta wamejikunyata pembeni, mmoja hayupo.

Angesema kweli, yangepita. Kasa angelia, angemgombeza, pengine wangenuniana msimu mzima, kisha wangekaa wakalia pamoja. Ushoga wa kweli huhimili hata msiba. Lakini Kaa akaanza kutafuta maneno mazuri ya kusema, na kila neno alilolipata akaliona halitoshi.

Alikuwa bado anayatafuta Kasa aliporudi. Alikuja mchana mweupe, amechoka, macho yamevimba kwa kumlilia mama yake. Akasimama mlangoni. Mtaniuliza, hodi kwenye nyumba yako mwenyewe? Ndiyo. Nyumba ukimwachia mwanamke mwenzako, stara iliyomo ni yake mpaka akufungulie. Huingii tu kama ng'ombe. Kasa alikuwa mtu wa adabu, na adabu ndiyo iliyomponza.

“Hodi,” akasema.

Ndani, Kaa aliisikia sauti ile, akanywea. Akajiambia, leo siwezi, nitamwambia kesho. Watoto nao waliisikia, na waliijua. Walitamani kuruka, lakini walikwishafundishwa, na aliyewafundisha ndiye huyo aliyesimama nje. Wakamtazama mama mdogo ili aitikie. Mama mdogo akatazama chini.

Kasa akapiga hodi ya pili, akangoja. Akapiga ya tatu. Na desturi mnaijua: ya tatu isipoitikiwa, unarudi zako, wala huna kinyongo. Kasa akawaza kuwa siku za watoto zimetimia, Kaa amewatoa nje na kuwapeleka baharini kumpokea, nao wamepishana njiani. Lilikuwa wazo jema, la mtu mwenye imani na shoga yake. Akageuka, akashika njia ya majini kwa haraka, akiwafuata watoto ambao alikuwa amewapa mgongo.

Hapa ndipo panaponiuma kila nikisimulia. Kati yao kulikuwa na mlango tu. Mama alishika adabu, watoto walishika adabu. Laiti mmoja tu angeivunja siku ile.

Kishindo cha mama kilipoanza kufifia, watoto wakashindwa kuvumilia. Wakaupasua mchanga wote kwa pamoja, wala hawakupita mlangoni, wakakimbia kufuata mburuzo wake mpaka ufukoni. Hapo mburuzo ukakatika, maana maji hayashiki nyayo. Wakajitosa. Yeye akawatafuta upande huu, wao wakamtafuta upande ule, na bahari, wageni wangu, ni kubwa.

Kaa akabaki na nyumba tupu. Akajichimbia shimo, na mpaka leo akisikia kishindo hujificha, macho akiyaacha nje yamchungulie anayekuja. Mtasema, mbona siku hizi anawavizia watoto wa Kasa na kuwala? Mtu uliyemkosea, usipomtaka radhi mapema, mwishowe unamchukia yeye badala ya kulichukia kosa lako. Nimeyaona hayo hata kwa wasio na magamba.

Na tangu siku hiyo Kasa hana nyumba yenye mlango. Hupanda pwani, huchimba, hutaga, hufukia, kisha huupapasa mchanga mpaka pasijulikane alipochimba. Hamwachii mtu amana tena. Wakati wote huo machozi yanamtoka, ukimsogelea utayaona. Halafu hurudi baharini, maana wale wa mwanzo hajawapata, na mama hatulii na walio salama ilhali kuna waliopotea. Anawaacha hawa ili akawatafute wale. Hawa nao hutoka wakaenda kumtafuta yeye. Hivyo ndivyo anavyowapoteza upya kila msimu, na sisi tunaoona yote hatuna lugha ya kumwambia.

Kwa hiyo hapa kwetu tumejiwekea desturi yetu. Nyumba yenye mtoto mchanga, mama yake hapigi hodi. Anaingia tu, hata ndani awemo nani. Na siku kama hii, watoto wa kasa wakitoka, wanawake wa kijiji tunaiitikia ile hodi ya zamani. Mama yangu aliiitikia, nami naiitikia.

Haya, tazameni, kichwa kile. Na kile. Msiwashike, msiwabebe, waacheni watembee wenyewe waijue njia. Hawatageuka kututazama. Wanadhani mama ametangulia kidogo tu. Dada, wewe uliyeuliza, njoo hapa kando yangu tuseme pamoja. Najua tumechelewa. Sema hivyo hivyo.

“Karibu, mama. Watoto wamo ndani.”