Zimwi Aliyemlea Mashavu

Sogeeni karibu na moto, wanangu, mnipe masikio.

Hapo kale zimwi jike aitwaye Kirongwe aliokota kitoto kichanga msituni, kando ya maiti ya mama yake. Mazimwi wenzake wakamwambia amle. Yeye akambeba mgongoni, akamlisha asali, akamwita Mashavu.

Mtoto alipojua kukimbia, baba yake, Shekue, akatokea akimtafuta. Wakagombana, kila mmoja akisema, "Mwanangu!" hata wakamwendea pepo wa mto awaamue.

"Damu ni ya baba," pepo akasema, "mtoto atakaa kwake ng'ambo. Kila mwezi ukiandama, mlezi amwite, aje amwone. Lakini kila avukapo maji yangu kuja huku, atamsahau mlezi wake kidogo."

Kirongwe akamtoa, mtoto akiwa amemng'ang'ania shingoni.

Mwezi wa kwanza Kirongwe akaimba ukingoni, "Mashavu, njoo nikuone!" Mtoto akavuka mbio, akamkumbatia, lakini nyimbo zao zote zilikuwa zimemtoka.

Mwezi wa pili akaimba, "Mashavu, njoo nikuone!" Mtoto akavuka, akamkalia pajani, akamtazama sana. "Mama, jina lako nani?"

Mwezi wa tatu Kirongwe alijificha matetini, akajiziba kinywa kwa mikono miwili. Ng'ambo Mashavu alisimama na baba yake, akingoja.

"Baba, mbona leo mama haimbi?"

"Sijui, mwanangu. Twende nyumbani."

Kirongwe hakuimba tena maisha yake yote.

Nami nimefika mwisho; mwenye chozi na afute.