Nguchiro Aliyeambiwa Karibu Tena

Paukwa!

Pakawa!

Wadogo kaeni mbele, wakubwa nyuma. Wewe unayesinzia, sogea hapa nikuone.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na chuo chao chini ya jabali. Katika bweni la chuo hicho palikuwa na adabu moja. Mtu akisema "Hodi!", aliyemo ndani hujibu "Karibu!" papo hapo. Kuuliza "Nani?" ilikuwa ni kuringa. Na nani alitaka kuitwa mwenye maringo? Hakuna.

Digidigi alikuwa mwaka wa tatu. Mdogo, mpole, macho makubwa. Miaka yote mitatu alitafuta dawa ya kikohozi cha watoto. Akajaribu jani hili, akajaribu jani lile, yote akayaandika kwenye magome ya mti. Magome thelathini, ndani ya mfuko mmoja, na nakala nyingine hana. Ijumaa angeyasoma mbele ya walimu. Asiposoma, atarudi kwao mikono mitupu.

Jumatano mchana, wenzake wamekwenda kula. Digidigi yuko nyuma ya chumba chake, anafua. Chubwi, chubwi, chubwi.

"Hodi!"

"Karibu!" akajibu bila kugeuza shingo.

"Naona una kazi, dada. Nitarudi."

"Haya, karibu tena!"

Alipoingia ndani, mfuko hamna. Akatazama chini ya kitanda, hamna. Akatazama nyuma ya mlango, hamna. Wenzake waliporudi, akawaeleza.

Tumbili wa chumba cha pili akasikia habari, akacheka. "Mwizi kapiga hodi, umemkaribisha, na bado umemwambia karibu tena! Kwa kwa kwa!"

Digidigi akajifungia. Aibu inauma, jamani. Akasema moyoni, bora ninyamaze.

Ngo, ngo, ngo. "Mdogo wangu, ni mimi Kanga, jirani yako. Fungua."

Akafungua. "Kosa langu, dada," akalia.

"Kosa la mwizi. Wewe ulikuwa na adabu tu." Kanga akainamisha kichwa. "Hata mimi wiki iliyopita nilikaribisha hivyo hivyo. Birika langu likaenda. Niliona haya, nikanyamaza."

Tumbili, pale mlangoni, akaacha kucheka. "Na mimi blanketi langu," akasema kwa sauti ndogo.

Wakauliza chumba kwa chumba. Kumbe walioibiwa ni saba! Saba, na wote kimya!

Wakaenda kwa Kobe, mlinzi wa chuo. Kobe akasikiliza mpaka mwisho, hakumcheka mtu.

"Wanangu, mngeniambia mapema," akasema. "Haya. Kuanzia leo, anayepiga hodi aulizwe jina. Mkimtilia shaka, Kanga apige kelele, wote mtoke."

Alhamisi mchana, mlangoni kwa Tumbili: "Hodi!"

"Nani mwenzetu?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi wa humu humu."

"Chumba gani?"

Nyayo zikaanza kurudi nyuma.

"Kre-kre-kre-kre!" Kanga huyo. Milango ikafunguka, paa, paa, paa! Bweni zima likatoka. Kumbe mwizi ni Nguchiro! Akakimbilia lango kuu, lakini Kobe keshajilaza pale, gamba limeziba njia yote. Akakamatwa, gunia begani.

Shimoni mwake wakakuta vitu vya watu. Blanketi lipo. Birika lipo. Mfuko upo! Digidigi akahesabu magome: ishirini na saba. Matatu Nguchiro alikuwa ameyawashia moto, achemshe chai yake.

Kanga akalia kuliko hata mwenyewe. "Ningesema siku ile nilipoibiwa, magome yako yangekuwa mazima."

Digidigi akamshika bawa. "Umesema, dada, na mimi nikapata nguvu ya kusema. Haya, kaa hapa. Mimi nakumbuka, wewe andika."

Wakaandika mpaka jua likazama.

Ijumaa Digidigi akasimama mbele ya walimu, akasoma magome yote thelathini. Matatu yalikuwa na mwandiko wa Kanga.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Kumuuliza mgeni jina si kuringa. Na ukiibiwa, sema. Usione haya, maana ukinyamaza, kesho ataibiwa jirani yako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Inukeni, mkaangalie milango yenu.