Nyamizi na Salamu za Mtoni

"Paukwa!"
"Pakawa!"
Sogeeni motoni, na anayesinzia afinywe na jirani yake.

Hapo zamani za kale, katika mbuga isiyo na kilima, palikuwa na mwanamke aitwaye Nyamizi. Binti yake Mbuke alishikwa na uchungu wa uzazi, na mtoto akagoma kutoka. Nyamizi akapanda mto kwa mtumbwi kumfuata mkunga, Bibi Kalunde. Sasa walikuwa wakiteremka, Bibi mbele na kibuyu cha dawa, Nyamizi nyuma na kafi.

Mto ule ulikuwa mkorofi. Hapa mawe, pale mikondo mikali, na kando zote nyasi, nyasi, nyasi. Tena ulikuwa na desturi yake: anayepita huulizwa hali, akajibu, kisha naye akauliza.

Wakamkuta Korongo mchangani.
"Habari za utokako, Nyamizi?"
"Njema."
"Za nyumbani?"
"Njema."
"Ng'ombe je?"
"Njema, njema, njema!" Akapiga kafi, akapita.
"Na mimi huniulizi?" Korongo akaita.
"Mwanangu, hukumuuliza," akasema Bibi Kalunde.
"Bibi! Binti yangu anakufa, nikamuulize korongo habari za miguu yake?"

Wakamkuta Mamba anaota jua.
"Habari za utokako, Nyamizi?"
"Njema."
"Watoto hawajambo?"
"Njema, njema, njema!"
"Na mimi huniulizi?"
Bibi Kalunde akageuka. "Watoto hawajambo? Basi mimi unanipeleka wapi?"
Kafi ndiyo iliyojibu.

Wakamkuta Kiboko, mto ulipogawanyika mikono miwili, mmoja mpana, mmoja mwembamba.
"Habari za utokako, Nyamizi?"
"Njema! Za ng'ombe njema, za mbuzi njema, na kama una swali lingine, njema!"
Akaingia mkono mpana, aliopandia jana.
"Na mimi huniulizi?"

Mkono mpana uliwachukua vizuri kwa muda. Kisha maji yakapungua, kafi ikachota tope, na mbele yao matete yakasimama kama ukuta. Nyamizi akasukuma kwa upondo. Wapi! Akayatukana matete, akautukana mto, akamtukana na Korongo aliyekuwa mbali.
"Ukimaliza," akasema Bibi Kalunde, "turudi."
Wakashuka topeni, wakauvuta mtumbwi kinyumenyume.

Kiboko alikuwa palepale, anatafuna.
"Habari za utokako, Nyamizi?"
"Si njema. Natoka matopeni."
"Za nyumbani?"
"Binti yangu ana uchungu tangu jana. Mtoto hatoki."
"Pole. Ng'ombe je?"
Nyamizi akatazama mbingu. "Ng'ombe hawajambo." Akalaza kafi magotini. "Na wewe, Kiboko? Habari za hapa?"

Kiboko akafumba macho kwa raha. Akaeleza jino lake linalouma. Akaeleza mke wake aliyenuna. Akaeleza mama mkwe, aliyekuja kusalimia na sasa hataki kuondoka. Nyamizi akashika kafi mpaka vidole vikafa ganzi.
"Pole kwa mkwe," akasema.
"Ahsante. Halafu, mvua ya jana usiku ikashusha matete, yakaziba mkono mpana. Sasa tunapita huu mwembamba."
"Mbona hukuniambia!"
"Kwetu mtu hamwagiwi habari asizoziuliza. Ni utovu wa adabu. Korongo alijua. Mamba alijua. Uliwauliza?"
Nyamizi akaelekeza mtumbwi kwenye mkono mwembamba.
"Haya, nifuateni."
Akatangulia, akipasua nyasi kwa kifua, mtumbwi nyuma yake.

Wakamkuta Mbuke bado anapumua. Bibi Kalunde akaingia ndani na kibuyu chake. Nyamizi akakaa mlangoni, akakaa, akakaa, mpaka kilio chembamba kikasikika.

Bibi akamletea mjukuu. "Wa kike. Na mama yake anaomba uji."
Majirani wakamzunguka. "Nyamizi, habari za mto?"
Akainua mkono kuwanyamazisha, akainamia sikio la mtoto.
"Habari za utokako?"
Mtoto akalia, akapumzika, akalia tena, kirefu. Nyamizi hakumkatiza.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na zenu je?