Miguu Ishirini Mlangoni

Miguu ishirini huingia mazizi mengi. Mmeisikia leo kwa bibi yenu mkacheka, mkauliza ni mnyama gani huyo. Tulieni, wanangu, niwaambie methali hii ilivyozaliwa, maana kuna nyumba iliyobakia kidogo ivunjike kabla haijajengwa.

Huko milimani Upare palikuwa na mjane, Nakiete, mwenye binti mmoja tu, Namkunda. Binti huyo alichumbiwa na Mbonea, kijana wa bonde la pili. Nakiete alimpenda kijana kwa sababu yake mwenyewe. Masika yaliyopita alizidiwa na homa, na njia ilikuwa imekatwa na maporomoko. Mbonea ndiye aliyembeba mgongoni kama mtoto, akateleza naye kwenye matope mpaka zahanati. Tangu hapo kila Nakiete akisali alimtaja.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na desturi. Siku ya kumchukua bibi harusi, shangazi yake husimama mlangoni akatega fumbo la hesabu. Bwana harusi akilikosa, anarudi kwao mpaka mavuno mengine. Na mama mzazi haruhusiwi kusema neno hapo, asije akamnong'oneza mkwe.

Siku ikafika. Shangazi Naetwe, dada wa marehemu baba yake Namkunda, akajishika kiuno.

"Nina zizi," akasema. "Ndani mna mbuzi na kuku. Miguu yao yote ni ishirini. Mbuzi wangapi, kuku wangapi?"

Mbonea akafumba macho kidogo. "Mbuzi watatu, kuku wanne."

"Umekosa! Mbuzi wanne, kuku wawili. Nendeni mkalime, mtarudi mkishavuna."

"Shangazi, hebu hesabu na hao wa kwangu..."

"Nihesabu nini? Zizi lenyewe liko hapo nyuma, asubuhi nimewapa majani kwa mikono yangu hii! Utanifundisha mbuzi wangu?"

"Sikuambiwa nichungulie zizi, shangazi. Nimeambiwa nitafute miguu."

"Mdomo huo! Jamani, Namkunda anaolewa na kasuku?"

Watu wakaangua kicheko. Baba yake Mbonea hakucheka. Akaokota fimbo yake. "Twendeni. Na mavuno hayo hatutarudi. Mabinti wako wengi, na milango ya kwao haina kelele."

Ndani, Namkunda akaanza kulia. Nakiete alikisikia kilio kile. Mdomo ulifungwa na desturi, lakini mikono je? Akakimbia uani, akamkokota mbuzi mmoja nje ya zizi. Akarudi, akapita katikati ya wageni, akanyakua tenga walilokuja nalo, lenye kuku wawili wa zawadi. Akawafungulia humo zizini. Kisha akamshika wifi yake mkono, akamvuta mpaka pale, akamwonyesha kwa kidole.

Naetwe akahesabu kwa sauti, mwanzoni kwa dharau. Mbuzi watatu, miguu kumi na miwili. Kuku wanne, minane. Akarudia tangu mwanzo, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano. Ishirini ile ile.

"Kumbe!" Akarudi mlangoni karibu anakimbia. "Mzee, weka fimbo chini, nakuomba. Kijana amepata. Na mimi nilipata. Miguu ishirini huingia mazizi mengi, ila mimi nilijua la kwetu tu." Akamgeukia Nakiete. "Wifi, ahsante. Umenivuta mkono, nusura nimfukuze mtoto wa watu aliyekubeba. Na huyo mbuzi uliyemtoa asirudi zizini. Aende na Namkunda."

Mzee akaguna, akaweka fimbo. Mlango ukafunguliwa, na hapo Nakiete akawa na ruhusa ya kusema. Kabla hajafungua mdomo, Mbonea akapiga goti mbele yake.

"Mama," akasema, "leo umenibeba wewe."

Basi nawaonya, wanangu, maana nawajua mlivyo wepesi wa kusema "umekosa". Ukiwa na jibu la kweli mkononi, usimfungie mwenzako mlango kabla hujahesabu la kwake. Si kila nyumba ina Nakiete wa kukimbilia zizini. Miguu ishirini huingia mazizi mengi.